Kuhamia lenzi za macho baada ya miaka mingi ya miwani: mwongozo kamili kwa anayeishi na vumbi la Dodoma

Siku ya tatu bila miwani nilikuwa kituoni, nasubiri daladala ya Mtumba, nikainua kidole kusukuma miwani iliyoteleza puani. Kidole kikagota kwenye ngozi tupu, katikati ya nyusi. Dada aliyesimama pembeni nadhani alidhani nafukuza nzi. Hadi kufika mchana nilisharudia mara nne.

Miwani niliianza nikiwa kidato cha pili. Sasa nina miaka 39, na namba yangu ni -5.50 macho yote mawili, yaani vya mbali sivioni bila msaada. Kuhusu lenzi, watu wengi huogopa jicho: litauma, litakataa, litaingiwa na kitu hadi nyuma ya kichwa. Jicho ndilo lililonisumbua kidogo kuliko vyote. Ndani ya wiki mbili lilishazoea. Kilichochelewa ni mikono yangu, usingizi wangu na mazoea yangu ya bafuni. Na kwetu huku kuna vumbi, ambalo jicho halilizoei hata ukae miaka kumi. Dawa yake ni kulipangia saa. Ndiyo maana miwani yangu bado ipo, na kila siku inapata zamu yake.

Kapime upya, hata kama miwani ni ya mwaka huu

Cheti cha miwani hakitoshi kununulia lenzi. Miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe. Kwa mwenye namba ndogo tofauti hiyo haina maana, lakini namba ikishapita 4 hivi inaanza kuhesabika. Mwenye miwani ya -6.00 huishia kwenye lenzi ya karibu -5.50. Mimi niliingia na -5.50 nikatoka na -5.25, nikadhani nimeanza kupona. Sikupona, ni hesabu tu.

Tena namba si kitu pekee. Jicho lina mviringo wake, na lenzi lazima ilingane nao. Kwenye boksi utaona tarakimu kama 8.4 au 8.6, huo ndio mpindo, na nyingine ya kama 14.2, huo ni upana kwa milimita. Lenzi inayobana au inayocheza haitazoeleka hata uivae mwezi mzima. Ukiwa na astigmatizimu, yaani jicho ambalo mviringo wake haulingani pande zote, mwambie mpimaji asiifumbie macho, kwa sababu ipo lenzi yake maalumu yenye upande wa juu na wa chini, na ukivaa ya kawaida utaona maandishi yana kivuli.

Mpimaji wangu, binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, aliniambia, "Mama, angalia chini, usishtuke," akapindua kope ya juu nje-ndani kwa kijiti cha pamba. Nilishtuka. Alikuwa anatafuta makovu. Mkoa huu una historia ndefu ya vikope, ule ugonjwa ambao wataalamu huuita trakoma, na Kongwa imefanyiwa utafiti wa vikope kwa miaka mingi. Mtu aliyeugua utotoni anaweza kubaki na makovu ndani ya kope, au nywele za kope zikageukia ndani na kukwaruza jicho. Kope yenye makovu na lenzi havikai pamoja. Kama mpimaji wako hajapindua kope, mwombe apindue.

Apime na machozi pia. Kuna rangi ya manjano-chungwa anayoidondoshea jichoni kisha anaangalia kwa taa ya bluu. Humo anaona kama utando wa machozi unadumu au unakatika upesi. Mwenye macho makavu tangu zamani, mwenye mzio unaomfanya ajikune kila msimu, mwenye kisukari, mjamzito, wote hao waseme kabla. Na anayeshinda kwenye mashine ya kusaga au kwenye saruji abaki na miwani yake saa za kazi.

Zile lenzi za rangi zinazouzwa pamoja na kope za kubandika na wigi, bila kupimwa, zisikuvutie. Hata zisipokuwa na namba ni kifaa cha tiba kinachogusa jicho, na zinataka vipimo vilevile. Na lenzi haziazimwi, hata na pacha wako.

Za siku au za mwezi?

Lenzi nyingi za leo ni laini. Mkemia wa Czechoslovakia, Otto Wichterle, alifanikiwa kuzitengeneza nyumbani kwake mwishoni mwa mwaka 1961 kwa kimashine alichokiunga kutokana na vyuma vya kuchezea watoto. Binti yangu aliposikia hivyo aliacha kutupa vichezeo vyake vibovu, na sasa nyumba imejaa takataka za uvumbuzi.

Za siku unavaa asubuhi, unatupa usiku. Hakuna kuosha, hakuna kikopo cha kulazia lenzi, na vumbi la leo linaondoka na lenzi ya leo. Za mwezi zinaoshwa na kulazwa kwenye dawa kila usiku. Mwezi wenyewe huhesabiwa tangu ulipofungua pakiti: siku 30 zikiisha unatupa, hata kama ulivaa mara sita tu. Wengi hukosea hapa, wanahesabu siku za kuvaa, na lenzi ya mwezi mmoja inaishi hadi Krismasi.

Maoni yangu, ukiweza kumudu, za siku ndizo za Dodoma. Na anayevaa siku mbili tatu kwa wiki, kanisani, harusini, michezoni, akipiga hesabu vizuri anaweza kukuta za siku hazimgharimu zaidi. Mimi navaa karibu kila siku, kwa hiyo nipo kwenye za mwezi. Unapouliza bei ya za mwezi, uliza bei tatu kwa pamoja: lenzi, dawa ya kuoshea, na ada ya kurudi kuangaliwa. Ya kwanza peke yake inadanganya.

Uliza pia kama lenzi ni ya silikoni haidrojeli. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, hivyo hewa yake inatoka moja kwa moja nje kupitia machozi. Lenzi ya aina hiyo inapitisha hewa kwa wingi zaidi.

Kuvaa: jifunze ukiwa huna haraka

Usikubali kuondoka kliniki kabla hujavaa na kuvua mwenyewe, mbele ya mtaalamu, walau mara mbili. Mimi ilinichukua dakika 50 kuvaa macho yote mawili mara ya kwanza. Jasho lilinitoka. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu alihama kiti, nadhani alichoka kuniona nikijitoboa macho.

Nyumbani fanya hivi. Kata kucha, za kubandika hazifai kabisa, angalau za kidole cha shahada, cha kati na dole gumba zitoke. Funga tundu la sinki. Mimi sifanyii kwenye sinki kabisa, natumia meza ya chakula, taulo jeupe safi limetandikwa na kioo kidogo kimesimamishwa juu yake. Lenzi ikianguka inaangukia kwenye taulo. Nawa mikono kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta wala manukato mengi, suuza sana, kisha ikaushe mpaka iwe mikavu kwa taulo lisiloacha nyuzi. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na kosa ni kidole chenye maji. Lenzi hupenda majimaji, na kidole kikiwa na maji kuliko jicho itabaki kwenye kidole. Mimi nilihangaika wiki nzima nikiamini jicho langu linaikataa, kumbe kidole kilikuwa hakijakauka.

Anza na jicho la kulia, siku zote, ili usije ukachanganya. Weka lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada, iinue usawa wa macho dhidi ya mwanga. Ikiwa imekaa kama bakuli, kingo zimesimama, iko sawa. Ikiwa kingo zimelala nje kama sahani ya supu, imegeuka. Ukivaa iliyogeuka haitakuumiza sana, ila itawasha na kutembeatembea. Suuza kwa dawa yake, igeuze, anza upya.

Sasa mkono wa kushoto upitishe juu ya kichwa, kama unayejishika paji la uso, na kidole chake kikamate kope ya juu pale nywele zinapoota. Lazima iwe pale kwenye mizizi ya nywele. Ukishika katikati ya kope, jicho litapepesa kwa nguvu na litakushinda, kwa sababu kope ina misuli kuliko kidole chako. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kivute kope ya chini. Jicho limekuwa wazi kama la mtu aliyeona nyoka. Tazama kioo, usitazame kidole kinachokuja. Ukishindwa, tazama juu darini na uiweke lenzi kwenye weupe wa chini. Iguse tu jichoni, usisukume, itajivuta yenyewe. Tazama chini taratibu, achia kope ya chini, kisha ya juu, ufumbe jicho kwa sekunde tatu. Likifumbuka na dunia ikawa wazi, tayari.

Ikichoma kama pilipili, itoe. Usivumilie ukidhani ndiyo kuzoea. Lenzi safi, iliyokaa sawa, huhisika kidogo kama ukope ulioingia jichoni, na hisia hiyo inapungua ndani ya dakika chache.

Ile hofu ya kupotelea nyuma ya jicho iondoe. Ngozi laini inayofunika weupe wa jicho inajikunja na kuungana na ndani ya kope, kwa hiyo huko nyuma hakuna mlango. Lenzi inaweza kukimbilia chini ya kope ya juu, tena ikajikunja. Ikikimbia, dondosha matone ya kulainisha, tazama chini, sugua kope ya juu polepole kuelekea puani na chini. Itarudi.

Kuvua

Hii ndiyo iliyonitisha zaidi, na kwa kweli ndiyo rahisi. Mikono ioshwe tena, ikaushwe. Tazama juu, kidole cha shahada kiguse lenzi kwa chini na kuiteremsha hadi kwenye weupe, kisha ibane kwa nyama ya vidole, shahada na gumba, kama unavyookota ukoko mwembamba usitake kuuvunja. Kucha zisiguse.

Mchana wa Dodoma lenzi hukauka na kunata. Ukiivuta ikiwa imenata unachubua konea. Dondosha matone, pepesa, subiri dakika tano, jaribu tena. Na kabla hujabana hakikisha ipo. Nina rafiki aliyebana jicho lake robo saa, lenzi ilishadondoka kwenye khanga.

Ratiba ya wiki mbili za kwanza

Mpimaji atakupa ratiba yake, ifuate hiyo. Yangu ilikuwa saa tatu siku ya kwanza, kisha kuongeza saa moja au mbili kila siku mpaka nifike nane, na nibaki hapo hadi nirudi kuangaliwa. Anza Jumamosi. Usianze Jumatatu ya kikao.

Chagua saa za mwanzo kwa akili. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, hewa ni kavu, na upepo huamka mchana na kubeba mchanga. Asubuhi ni tulivu. Kwa hiyo wiki ya kwanza mimi nilivaa kuanzia saa moja asubuhi, nikavua kabla upepo haujashika kasi, nikarudi kwenye miwani. Anayeanza kwenye masika, kati ya Desemba na Aprili, ana nafuu kubwa. Kama huna haraka, subiri Januari.

Siku ya nne au ya tano utapata hamu ya kuruka ratiba kwa sababu hakuna kinachouma. Mimi niliruka, nikakaa nazo kwa muda wa saa kumi na moja, na usiku macho yakawa mekundu kama niliyelia msibani. Mtaalamu aliniambia nipumzike siku mbili, kisha nianze tena kwa kuvaa saa nne tu kwa siku.

Mambo ya ajabu ambayo hakuna anayekuonya

Binti yangu aliponiona bila miwani alisema, "Mama, kumbe una macho makubwa!" Kweli, miwani ya kuona mbali hupunguza ukubwa wa macho kwa anayekutazama, na hupunguza pia ukubwa wa dunia kwa aliyeivaa. Ukihamia lenzi kila kitu kinakua kidogo na kusogea. Ngazi za ofisini nilizishuka kwa kugusa ukuta siku mbili. Kama unaendesha pikipiki au gari, usiendeshe siku za mwanzo mpaka uhakikishe unakadiria umbali vizuri.

Utaona pembeni pia, na hilo ndilo lililonifurahisha. Miaka yote nilikuwa naona kupitia madirisha mawili, kando yake ukungu. Sasa nikisimama Nyerere Square naona bodaboda inayokuja ubavuni bila kugeuza shingo.

Lipo moja lisilofurahisha, na linawahusu waliokaribia miaka 40. Asiyeona mbali akivaa miwani yake hupata msaada kidogo wa kusoma karibu, bila kujua. Lenzi zinamnyang'anya msaada huo, na jicho linalazimika kujikaza zaidi kwenye simu na vitabu. Kwa kijana wa UDOM hilo si kitu. Mimi niligundua meseji zinasomeka vizuri nikinyoosha mkono kama anayesukuma mlango. Pia siwezi tena ule ujanja wetu wa kuvua miwani na kusogeza sindano puani nitunge uzi. Mwambie mpimaji, atarekebisha namba ya jicho moja kidogo au atakupa miwani ya kusomea ya kuvaa juu ya lenzi. Ndiyo, nilihama miwani nikapewa miwani.

Vumbi

Chembe ya vumbi kwa mwenye miwani ni kero. Ikiingia chini ya lenzi inasuguliwa kwenye konea kila unapopepesa. Julai iliyopita nilikuwa natembea kutoka Sabasaba, kisulisuli kikaja na mifuko na majani, nikafumba macho nikiwa nimechelewa. Jicho la kushoto likafunga lenyewe, machozi yakamiminika. Nilifanya yote yasiyotakiwa: nilisugua kwa mgongo wa mkono, nikaomba maji ya kunywa ya mwenye genge, nikainama ninawe. Bahati yule mama wa genge alikuwa na busara kuliko mimi, akanishika bega: "Tulia kwanza mwanangu, usilikoroge."

Usisugue. Kaa mahali pasipo na upepo, geukia ukutani, pepesa mara kadhaa machozi yafanye kazi. Kama mikono ni safi dondosha matone. Isipotoka, safisha mikono, vua lenzi, iangalie kama imechanika, isuuze kwa dawa yake au itupe kama ni ya siku. Chembe ikitoka na jicho likaendelea kuuma, usirudishe lenzi siku hiyo. Ndiyo maana mkobani hakukosi miwani yangu, kichupa cha matone ya kulainisha kinachoruhusiwa na lenzi, kichupa kidogo cha dawa, kikopo kikavu na sabuni ya kipande.

Kinga yake ni miwani ya jua. Kwa mara ya kwanza maishani niliinunua bila kuulizwa cheti, nikachagua pana inayokumbatia kichwa pembeni, yenye kinga ya mionzi ya jua. Kwenye bodaboda hata hiyo haitoshi. Dai kofia ngumu yenye kioo na ukishushe. Anayeenda shamba Chamwino, au atakayepita barabara ya vumbi siku nzima, avae miwani yake ya kawaida na lenzi azilaze nyumbani.

Ofisini adui ni kiyoyozi na kompyuta. Mtu akikodolea skrini hupepesa kidogo kuliko kawaida, na lenzi inakauka kama chapati iliyosahaulika mezani. Hama kwenye mkondo wa kiyoyozi. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita sita mbali kwa sekunde 20, na pepesa kwa makusudi. Matone ya kuondoa wekundu si ya kulainisha, yaache dukani.

Maji hayagusi lenzi

Wauzaji wengi huita dawa ya kuoshea "maji ya lenzi", na jina hilo limeponza watu. Dawa ikiisha wanaona maji ni maji. Bomba la Dodoma kwa kiasi kikubwa linaletewa maji ya visima vya Mzakwe, nawe umeshaona ule ukoko mweupe ndani ya birika. Lakini chumvi si tatizo kubwa. Kwenye maji ya bomba, ya kisima na ya bwawa huishi kiumbe kidogo kiitwacho akantamiba. Kikijificha chini ya lenzi kinakula konea, maumivu yake ni makali, tiba yake ni ya miezi, na wengine hubaki na kovu au kupoteza uoni. Maji ya chupa hayafai. Yaliyochemshwa hayafai. Ya chumvi uliyochanganya mwenyewe hayafai. Mate ndiyo kabisa. Dawa ikiisha usiku, tupa lenzi, vaa miwani.

Kuoga, vua kwanza. Kuogelea, vua. Mwenzangu wa ofisini anayeswali swala tano hutia udhu akiwa nazo: anafumba macho sawasawa akiosha uso, anafuta kope kwa taulo dogo, ndipo anafumbua.

Kila usiku, kwa za mwezi: weka lenzi kiganjani, tia matone ya dawa, isugue kwa kidole kila upande kwa sekunde kama 20, hata kama chupa imeandikwa huhitaji kusugua. Suuza kwa dawa, laza kwenye dawa mpya. Asubuhi mwaga yote. Kuongezea dawa mpya juu ya ya jana ni sawa na kuongeza chai kwenye kikombe cha jana. Kikopo suuza kwa dawa, kifute kwa tishu safi, kiinamishe kikauke, na kila miezi mitatu nunua kingine. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, na usiiache ndani ya gari juani. Ukipewa dawa ya aina ya peroksaidi, tumia kikopo chake maalumu kwa saa zote zilizoandikwa. Ukivaa lenzi kabla dawa haijapoa nguvu utaruka hadi Bahi.

Jikoni na kwenye kioo

Lenzi kwanza, wanja baadaye. Usiku lenzi zitoke kwanza, ndipo ufute vipodozi. Wanja upakwe nje ya mstari wa nywele za kope, usipakwe ndani pale penye unyevu, maana unaishia juu ya lenzi.

Kitunguu utakikata bila kulia, maana lenzi inafunika konea. Lakini pilipili! Mafuta yake hayatoki kwa sabuni mara moja. Nilikata pilipili mbuzi saa kumi na mbili jioni, nikanawa mara tatu, saa tatu usiku nikavua lenzi. Nilichokisikia sitaki kukikumbuka, na lenzi zile zilitupwa. Siku hizi siku ya kachumbari vidole vinavaa mfuko wa nailoni, au lenzi zinatoka kabla kisu hakijashikwa. Moshi wa kuni na mkaa nao unakausha na kuwasha. Anayepikia jiko la ndani avae miwani.

Usingizi

Usilale nazo. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa inasema kulala na lenzi kunaongeza hatari ya maambukizi ya jicho mara 6 hadi 8. Kope ikifungwa konea inakosa hewa, machozi yanatuama, vijidudu vinapata nafasi. Kitandani ni rahisi kukumbuka. Hatari iko kwenye basi la kwenda Dar au treni ya umeme, pale unaposema nafumba macho kidogo na kuzindukia Morogoro. Mimi sasa nasafiri na miwani, na lenzi navaa nikifika. Ukisinzia kwa bahati mbaya, dondosha matone, subiri zilegee, vua, na usizirudishe siku hiyo.

Lini ukimbie hospitali

Maumivu yasiyoisha baada ya kuvua. Wekundu unaozidi. Mwanga kukuumiza. Ukungu usioondoka kwa kupepesa. Tongotongo la usaha, au doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Moja tu kati ya hayo linatosha: vua zote, usivae tena, nenda siku hiyohiyo penye kitengo cha macho. Usisubiri Jumatatu. Usinunue matone duka la dawa kwa kuonyesha jicho dirishani, kwa sababu mengine yana steroidi, ambayo huondoa wekundu huku yakiacha maambukizi yachimbe. Maziwa ya mama na majani ya kukamua yasikaribie. Lenzi usiitupe, ipeleke pamoja na kikopo chake, maabara inaweza kuotesha vijidudu vilivyomo.

Kurudi kuangaliwa

Miadi yangu ilikuwa baada ya siku kumi. Nenda umezivaa kwa saa tatu au nne, la sivyo hataona zinavyokaa jichoni zikishatulia. Beba na kikopo unachotumia kila siku, kichafu hivyohivyo. Wangu aligundua lenzi ya kushoto inabana kidogo, akabadili mpindo kutoka 8.4 kwenda 8.6, na kile kiwasho cha jioni nilichokuwa nakisingizia vumbi kikaisha. Kisha akaniuliza miwani yangu iko wapi. Nikaitoa mkobani, akaifuta, akanipima nayo pia, akaandika vyeti viwili kwenye karatasi moja: juu namba ya lenzi, chini namba ya miwani.